Mama, Jana Ulikuwa Wapi?

Benchi la kliniki yetu ya Jumanne lina mguu mmoja mfupi. Anayeketi upande wa dirisha akiinuka ghafla, walio upande wa pili hushuka kwa kishindo na kadi zao hutawanyika sakafuni. Kwa sababu hiyo wagonjwa wa zamani humfundisha mgeni kanuni hata kabla ya kumuuliza jina: ukiitwa, usikurupuke, mwambie jirani yako, ajisogeze katikati aushike ubao, ndipo uinuke. Nimesoma vitabu vingi vya maadili katika miaka yangu arobaini na sita, na nimewafundisha watoto wa watu wema na ubaya tangu nilipokuwa msichana. Sikumbuki kanuni iliyonifaa kuliko hiyo ya benchi.

Naandika kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo, hasa wale wanaoamka asubuhi wakakuta mwili umekuwa mzigo wa mtu mwingine, nao wakaambiwa kwamba huo ni uvivu. Sitaueleza ugonjwa kwa lugha ya madaktari. Wanaoijua lugha hiyo wapo. Nitaeleza jinsi ulivyonikalia, jinsi nilivyongoja, na jinsi ulivyoanza kuniachia. Nimechelewa kuandika kwa makusudi. Mtu aliye katikati ya mto hawezi kueleza kina chake. Kazi yake ni kupiga mikono.

Jina langu ni Taaka. Nyumbani kwetu ni Buhehe, Uganda, karibu na mpaka, na kwa miaka mingi nimekuwa naibu mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi huko Bulumbi. Wanafunzi wangu walinyamaza waliposikia viatu vyangu, nami niliihesabu hiyo kuwa heshima. Mwaka juzi nilipewa ruhusa ya masomo nikaenda Tororo kusomea shahada ya ualimu, somo langu likiwa Kiswahili, lugha niliyoipata utotoni kwa shangazi yangu, Busia ya upande wa Kenya. Darasa lilikuwa la vijana. Walinichagua kuwa mama wa bweni bila kupiga kura, kwa kunitazama tu.

Chumbani nilipangwa na msichana wa miaka ishirini na mmoja, Athieno, mtoto wa wakulima wa Kiyeyi, mwenye Kiswahili cha kuokota sokoni. Alikuwa mcheshi siku tatu, na siku nne alilala ameelekea ukutani mpaka saa sita mchana.

"Amka, binti," nilimwambia. "Jua halijakuomba ruhusa kuchomoza."

"Mama, leo mwili nakataa."

"Mwili haukatai. Mwili huagizwa."

"Basi wewe agiza. Mimi naagiza tangu asubuhi, yeye anasikia tu."

Niliona kiburi katika jibu hilo. Nilimwandikia mlezi wa wanafunzi barua ya kurasa mbili, yenye hoja zilizopangwa vizuri, kwamba msichana huyu anaambukiza wenzake uzembe. Athieno akapewa onyo la maandishi. Aliliweka chini ya godoro na hakunisema kwa mtu. Ninalitaja tendo hilo mapema ili msomaji ajue ni nani anayezungumza naye.

Ugonjwa ulinipata mwezi Februari, katika kiangazi kile ambacho vumbi la malori ya kwenda Malaba huingia mpaka kwenye sukari. Mhadhiri wa somo la malezi alitupa zoezi jepesi. Alitutaka tuchore ramani ya boma tulilokulia, kisha tutie alama mahali tulipopenda kujificha tukiwa watoto. Vijana walichora huku wakicheka. Mmoja alijificha ndani ya pipa la maji, mwingine chini ya kitanda cha bibi. Nikachora nyumba. Nikachora jiko. Nikachora ghala la mtama, lile la fito na udongo linaloinuliwa juu ya mawe, lenye kifuniko cha nyasi kama kofia. Nilipofika kwenye kifuniko, mkono ukasimama. Haukuniuma wala haukutetemeka. Ulisimama tu, na kengele ilipolia nilikuwa bado nimeishika kalamu hewani.

Lazima sasa nieleze desturi yetu, kwa kuwa bila hiyo mengine hayataeleweka. Kwetu mtoto hupewa jina la mzee aliyetangulia, na jina huja na cheo chake. Mimi nilipewa jina la mama mzazi wa baba, aliyefariki mwaka ule niliozaliwa. Kwa hiyo boma zima liliniita Kukhu, yaani bibi. Baba aliniita Mama. Na mama yangu, kwa kuwa nilikuwa mkwewe aliyerudi, aliniita Mama Mkwe, kwa utani ambao ndani yake mlikuwa na adabu ya kweli. Hakuwahi kuniita mwanangu. Ni desturi njema, inayomfanya marehemu asisahauliwe, na sina ugomvi nayo.

Baba yangu alikuwa muuza mbuzi, mtu mpole siku zote isipokuwa siku ya soko. Siku hiyo akimaliza kuuza aliketi na wenzake kuzunguka chungu cha malwa, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake, na alasiri alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine, na fimbo ya mbuzi mkononi. Alimpiga mama. Mpaka siku moja, nikiwa na miaka kama sita, nilijikuta nimesimama katikati yao uani, naye akaishusha fimbo. Mtu hawezi kumwinulia mkono mama yake. Akavua kofia, akasema, "Mulembe, Mama," salamu yetu ya amani, akaketi juu ya kinu akalia. Nikamletea maji.

Majirani walistaajabu. Walisema mtoto huyu ni dawa. Tangu siku hiyo, kila siku ya soko, watoto walimwona baba akitokea njiani wakanikimbilia wakicheka: "Kukhu, mwanao anakuja!" Na mama, Mungu amsamehe kama alivyonisamehe mimi, alinishika mabega akanisukuma mbele yake. Hakuna aliyeona ubaya. Kwa miaka mitatu nilikuwa ukuta wa nyumba ile, na kila mtu alisifu jinsi ukuta ulivyosimama.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, nilikuwa na homa. Niliwasikia watoto wakiita. Badala ya kwenda uani nilipanda mawe ya ghala, nikainua kifuniko, nikaingia ndani ya mtama. Nilisikia kila kitu. Mama alivunjika mkono wa kulia, ukapona umepinda, na mpaka leo husonga ugali kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi iliyofuata baba alinikuta jikoni. Alikuwa amelevuka, macho yamevimba. Aliniuliza kwa upole kabisa, kama mtoto aliyeachwa: "Mama, jana ulikuwa wapi?"

Sikujibu. Baada ya mwezi mmoja nikavushwa mpaka wa Kenya kwenda kukaa kwa shangazi. Nilielewa kwamba nimefukuzwa kwa kosa langu, na kwa kuwa nilikuwa mtoto mwenye akili, niliamua kutokosa tena maishani. Huo ndio uliokuwa msingi wa ukali wangu wote uliosifiwa Bulumbi.

Baada ya zoezi lile la ramani, swali la baba lilirudi. Lilikuja asubuhi, kabla sijafumbua macho, kwa sauti ileile ya upole, ingawa baba tulimzika miaka mingi iliyopita. *Mama, jana ulikuwa wapi?* Nililiacha linipite, nikavaa, nikaenda darasani. Baada ya wiki tatu nilianza kuchelewa. Baada ya wiki tano nilikuwa nikiketi ukingoni mwa kitanda nikiwa na kiatu kimoja mguuni, nikikitazama cha pili, na hapo asubuhi nzima ikaisha.

Jambo la kwanza ambalo watu wengine waliliona lilikuwa mwandiko wangu. Mwandiko huo ulikuwa fahari yangu. Walimu wenzangu waliuita chapa. Ukaanza kupungua. Kila wiki herufi zilikuwa ndogo kuliko za wiki iliyotangulia, na mistari ikajikunja kuelekea pembeni kama sisimizi wanaotafuta ufa. Mhadhiri aliinua karatasi yangu mbele ya darasa, bila nia mbaya. "Mwalimu Taaka," akasema, "hii niisome kwa macho au kwa darubini?" Vijana wakacheka. Nami nikacheka, na nilipofika chumbani nilishindwa kukumbuka jinsi kicheko kinavyozimwa. Kiliendelea mpaka kikawa kitu kingine.

Mwili ulifuata. Mkanda wa gomesi, gauni refu la akina mama wa kwetu, uliokuwa ukinizunguka mara moja ukanizunguka karibu mara mbili. Nywele zilitoka na kitana. Chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Nililala mchana nisiburudike, na usiku sikulala. Nilipokwenda nyumbani wakati wa Pasaka, mume wangu Egesa, ambaye ni fundi seremala mjini Busia, alinipokea mlangoni akanitazama kuanzia chini.

"Nilikupeleka chuoni ukiwa mzima," alisema.

"Ni masomo. Yamenichosha."

"Masomo hayali nyama za mtu, Taaka."

Alinipeleka kanisani kuombewa, Jumapili tatu. Sala sikuiacha, wala siiachi, na walioniombea walinipenda. Lakini mmoja wao aliniuliza ni dhambi gani ninayoificha, nami nikamwamini kwamba ipo. Egesa alijipikia, akajifulia, akaacha kuniuliza chochote. Nilimsikia akimwambia jirani kwamba nyumba yake imekuwa kama duka ambalo mwenyewe yupo ndani lakini halifunguliwi. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa ameshindwa, na ndoa yetu haikuwa imewahi kumfundisha kushindwa, kwa sababu siku zote mimi ndiye niliyejua la kufanya.

Mvua za masika zilipokuwa zimeshika, nilirudi Tororo nikalala nimeelekea ukutani. Sikujua ni siku gani. Najua tu kwamba ilikuwa saa sita mchana, kwa kuwa nilisikia Athieno akirudi kutoka darasani, akiweka mwavuli, akiketi kwenye kitanda chake.

"Mama," akasema. "Mwili nakataa?"

Nilingoja dhihaka ifuate. Haikufuata.

"Unakataa," nikasema.

"Mimi sitaandika barua." Alicheka kidogo, peke yake. Kisha akaingiza mkono chini ya godoro lake, mahali nilipojua lilipo lile onyo, akatoa kadi ya njano iliyokunjwa mara nne. "Mimi nakwenda kliniki tangu mwaka wa kwanza. Kesho ni Jumanne. Utavaa viatu, mimi nabeba hiyo nyingine yote."

Kesho yake alinivisha viatu vyote viwili. Tulipanda pikipiki moja, watu watatu na mwavuli mmoja, jambo ambalo nimewakataza wanafunzi wangu kwa miaka ishirini.

Niliingia katika chumba cha kungojea nimejifunika leso mpaka machoni, nikiogopa kukutana na mzazi wa Bulumbi. Nilitazamia kuona watu waliofungwa kamba. Niliona wanafunzi wa vyuo waliobeba mikoba yao, mwanamke wa Malaba aliyekuwa ameacha nyanya zake kwa jirani ili avuke kuchukua dawa, mzee aliyekuwa akisinzia, na redio ndogo iliyokuwa ikitangaza bei za mahindi. Nikaketi. Mtu akaitwa, akainuka ghafla, nami nikaanguka sakafuni na leso yangu.

"Hamkumwambia benchi?" Athieno akawauliza wote kwa ukali, na wote wakanieleza kanuni kwa mara moja, wakinipangusa vumbi. Sikumbuki lini kabla ya hapo niliwahi kupanguswa vumbi na mtu.

Muuguzi tuliyemwita Sista alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniuliza maswali yake kwa sauti ya mtu anayeulizia bei. Je, nalala? Je, nakula? Je, nimewahi kutamani nisiwepo?

"Nimetamani nisiamke," nikajibu. "Sijatamani kufa. Hayo ni mambo mawili tofauti."

"Hapa kwetu yanaandikwa mstari mmoja," akasema, akaandika. "Leo hulali peke yako. Athieno, umesikia?"

"Nasikia, Sista. Huyu mama anakoroma lakini nitavumilia."

Wiki mbili za kwanza nilipewa nusu kidonge kwa siku. Kinywa kilikauka kama nimelamba chaki, mikono ilitetemeka, na nilipoinuka chumba kilizunguka. Nafuu sikuiona. Wiki mbili zilizofuata nilipewa kidonge kizima, na nafuu bado sikuiona. Nilitangaza kwamba naacha.

"Mama, ulizaliwa shambani au hotelini?" Athieno akaniuliza. "Mtu napanda mahindi leo, kesho anatafuta ya kuchoma?"

Nikaendelea, zaidi kwa aibu kuliko kwa imani. Mwezi Juni, mvua zikielekea mwisho, nilikuwa nimesimama dirishani nikinywa kidonge changu, nikaona kwamba mwamba wa Tororo umelowa na unang'aa. Mwamba huo huonekana kutoka kila dirisha la mji. Nilikuwa nimelala mkabala nao kwa miezi minne, na nilikuwa sijauona tangu Februari. Nikamwita Athieno aje autazame. Alikuja, akautazama, akanitazama mimi, akaenda kunitafutia karanga za kukaanga. Nilizila zote.

Dawa ilinifungulia macho. Mazungumzo ndiyo yaliyonitembeza. Kila Jumanne ya pili nilikaa na Sista kwa muda wa nusu saa. Mara tatu nilizungumzia mitihani. Mara ya nne nikaichora ile ramani, pamoja na kifuniko. Akaniacha nimalize.

"Wewe ni mwalimu," akasema. "Mtoto wa miaka tisa darasani kwako anaweza nini?"

"Kuzidisha tarakimu mbili kwa mbili. Kusoma kwa sauti. Wachache huweza kufunga kamba za viatu zisifunguke."

"Anaweza kumzuia mwanamume mlevi mwenye fimbo?"

Niliitazama ramani, pale kwenye kifuniko.

"Tuseme ameshindwa, akajificha. Wewe ni naibu mkuu, na nasikia ni mkali. Ungempa adhabu gani?"

Nimekaa katika vikao vingi vya nidhamu. Najua uzito wa kosa na kipimo cha adhabu, na sijawahi kumwadhibu mtoto kwa kukosa nguvu za mtu mzima. Nilijaribu kutafuta kifungu kimoja cha kumhukumu msichana yule. Sikukipata. Nilitoka mle nikiwa na hasira, kama wakili aliyeshindwa kesi aliyoiendesha kwa miaka thelathini na saba dhidi ya mtoto asiye na mtetezi. Kwa mara ya kwanza tangu Februari hasira hiyo haikunielekea mimi.

Wiki hiyo nilikwenda kwa mlezi wa wanafunzi nikaifuta barua yangu kwa barua nyingine, fupi zaidi. Nilimwomba Athieno msamaha kwa maneno kamili, nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, umemaliza? Keti basi, unanitisha kama uko paredi."

Ya kwake ni ya kwake. Amenipa ruhusa kusema hili tu, kwamba naye alifundishwa kunyamaza akiwa mdogo kuliko nilivyokuwa mimi, na kwamba barua yangu ilimwongezea miezi. Nimeyaandika yote mawili kama alivyotaka.

Egesa alianza kunisindikiza mwezi Agosti, watu wakivuna. Siku ya kwanza alipiga magoti katika chumba cha kungojea, akalichungulia benchi kwa chini, akapima mguu kwa vidole. Alimwambia Sista kwamba atarudi na kipande cha mvule na misumari miwili, bila malipo.

"Usithubutu, fundi," Sista akasema. "Ukilinyoosha, hawatazungumza tena."

Njiani Egesa akasema, "Kumbe kuna vitu mtu anaviacha vikae upande." Tangu hapo alianza tena kuniuliza habari zangu, na nisipokuwa na jibu hakulidai.

Niseme sasa neno la moja kwa moja, kwa kuwa kusema hivyo ni tabia yangu na ugonjwa haukuiondoa. Kijana, ukikuta asubuhi imekushinda kwa wiki mbili mfululizo, usingoje iwe miezi kama nilivyongoja. Mwambie mtu mmoja, hata awe yule asiyekufaa kwa umri. Nenda hospitali ya wilaya, uliza kliniki ya afya ya akili ni siku gani, usione haya. Dawa uipe muda, na usiiache bila kumwambia aliyekupa. Na wewe mzazi, usimfanye mtoto ukuta. Ukuta husifiwa kwa kuwa hausemi, na mtoto akijifunza kusifiwa kwa hilo, atanyamaza mpaka umri wa kuitwa bibi kwa haki. Mwaka huu mdogo wangu amepata binti, akataka jina la Taaka liendelee. Tulikubaliana kwa furaha, kwa sharti moja nililolisoma mbele ya ukoo: asiitwe Kukhu na mtu yeyote mpaka awe na wajukuu.

Mimi ni mzima kwa kiasi cha kutosha. Nilifanya mitihani ya mwaka kwa mwandiko unaosomeka bila darubini. Nimerudi kwenye nusu kidonge. Swali la baba huja mara mojamoja, asubuhi za siku ya soko, lakini halinikuti tena bila jibu. Jinsi nilivyolipata jibu hilo ndiyo sehemu iliyobaki.

Mwezi Novemba, katika mvua za vuli, mama alituma ujumbe kutoka Buhehe kwamba anataka kuja kliniki. Sikuwa nimemwambia kilichoniumiza. Egesa alikuwa amemweleza tu kwamba ni mawazo. Alifika amevaa gomesi ya kanisani, mkono wake uliopinda umeukumbatia mkoba. Tuliketi benchini, yeye katikati, mimi upande wa dirisha. Nilimfundisha kanuni. Aliuonja ubao kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Na mumeo ni seremala," akasema.

Redio ilikuwa ikitangaza bei za maharagwe. Watu walikuwa wachache. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki nyingi na Sista, nikiwa na maneno yaliyopangwa, na yote yakanitoroka.

"Mama," nikasema, "siku ile ya mkono, nilikuwa ghalani."

"Najua."

Nikageuka kumtazama. Alikuwa akiitazama mvua dirishani.

"Nani alikwambia?"

"Kifuniko. Ulikiacha kimekaa upande, na pindo la gauni lako lilikuwa nje, lile la maua. Baba yako alikuwa ameshafika kwenye migomba. Nikakimbia nikaliingiza pindo ndani, nikakiweka kifuniko sawasawa. Ndipo aliponikuta. Ndiyo maana mkono huu ndio uliokuwa juu."

Sijui nilisema nini. Nadhani nilisema kwamba basi mkono ule ulivunjika kwa sababu yangu, na kwamba ni vibaya kuliko nilivyodhani. Alinikata neno kwa ukali, na nikaitambua sauti ambayo nimekuwa nikiitumia maisha yangu yote.

"Nyamaza. Usininyang'anye hiyo. Siku nyingine zote nilikusukuma mbele. Mtoto mdogo kiasi hicho nilikushika mabega nikakusukuma, watu wakipiga makofi. Siku hiyo moja nilisimama mimi. Siku hiyo moja ni yangu."

Mwanamke wa Malaba alikuwa ameacha kuhesabu vidonge vyake. Athieno, aliyekuwa mwisho wa benchi, aliinamia kadi yake. Hapo nikawa na jibu la kumpa baba: nilikuwa mahali mama aliponificha.

"Na kwa shangazi," nikauliza, "ulinifukuza?"

"Nilikuvusha. Huku kila siku ya soko wangekuita uani, na mimi ningekusukuma tena. Nilijijua." Alipangusa pua kwa ncha ya mshipi. "Nilingoja uniulize. Wewe nawe ulirudi na shule nyingi, na uso kama wa mkwe wangu mwenyewe. Nikaogopa."

Mlango ukafunguka. Sista akatokea na faili, akaliita jina langu, akamtazama mama kupitia miwani yake ya uzi. "Mgonjwa amekuja na nani leo?"

"Na mama yake," mama akasema. "Huyu ni mtoto wangu."

Nilitaka kuinuka, nikakumbuka benchi. Mama alikuwa ameshajisogeza. Aliushika ubao kwa mkono wa kushoto, kisha akauongeza na ule uliopinda, akaulalia kwa uzito wake wote.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Nimeshika."